Prosesa Moja, Kompyuta Mbili

Kamati ya shule inapokaa kugawa fedha za kununulia kompyuta, hoja inayochukua muda mrefu kuliko zote huwa ni ile ya bei mbili. Muuzaji ameleta karatasi yenye kompyuta mpakato za aina mbili. Ya kwanza imeelezwa kuwa ni ya mwanafunzi na mtumiaji wa kawaida. Ya pili imeandikwa kuwa ni ya wataalamu, na bei yake imeizidi ya kwanza kwa karibu theluthi. Lakini mwalimu wa fizikia, ambaye ameisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, anagundua jambo ambalo wenzake hawakuliona: prosesa, yaani kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote za mashine, ni ileile katika kompyuta zote mbili. Jina ni lilelile na namba ni ileile. Je, fedha inayoongezwa inanunua nini?

Swali hili linaweza kujibiwa kwa mfano ulio wazi kuliko mingine mingi. Tarehe 10 Novemba 2020 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kompyuta zake za kwanza zilizotumia prosesa ya M1, ambayo kampuni hiyo iliibuni yenyewe na kuipeleka Taiwani kutengenezwa katika viwanda vya TSMC. Mbili kati ya kompyuta hizo zilikuwa mpakato zenye kioo cha ukubwa mmoja, inchi 13.3. Iliyoitwa MacBook Air iliuzwa Marekani kwa dola 999, na iliyoitwa MacBook Pro kwa dola 1,299. Shule yenye uwezo wa kununua Pro kumi, kwa jumla ya dola 12,990, ingeweza kwa fedha hiyohiyo kununua Air kumi na tatu na kubakiwa na dola tatu mkononi. Kodi na nauli ya kuzifikisha Afrika Mashariki hazimo katika hesabu hii, lakini uwiano haubadiliki sana. Kwa darasa la wanafunzi arobaini, hiyo ni tofauti kati ya vijana wanne kuzunguka mashine moja na vijana watatu. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha kwa vifaa haba anajua kwamba mwanafunzi wa nne huwa haoni kitu.

Mashine hizo zilifanana mno. Kila moja ilikuwa na M1 yenye transista bilioni 16 na viini vinane vya hesabu: vinne vikubwa vya kazi nzito, na vinne vidogo vinavyotumia umeme kidogo kwa kazi nyepesi. Viini vikubwa vilipiga mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde katika mashine zote mbili. Matundu ya kuunganishia vifaa yalikuwa mawili katika kila moja. Tofauti ndogondogo zilikuwapo. Kioo cha Pro kiling'aa zaidi kidogo. Betri yake ilikuwa ya wati-saa 58.2 dhidi ya 49.9 za Air, na kwa madai ya kampuni yenyewe iliweza kusoma kurasa za intaneti kwa saa 17 dhidi ya 15. Pro ilikuwa na uzito wa kilo 1.4, na Air kilo 1.29. Juu ya vibonye vya Pro kulikuwa na utepe wa kioo uliobadilika picha kulingana na kazi, pambo ambalo halikupata wapenzi wengi na ambalo kampuni iliacha kuliweka katika mashine zake za baadaye.

Zaidi ya hayo, Air ya bei ya chini kabisa ilikuwa na viini saba vya michoro badala ya vinane. Hili lahitaji maelezo mafupi. Prosesa hukatwa kutoka katika bamba la silikoni la mviringo lenye mamia ya vipande, na haiwezekani vipande vyote vitoke bila dosari. Ni desturi ya viwanda hivi kuzima kiini chenye kasoro na kukiuza kipande hicho kwa bei nafuu badala ya kukitupa, kama mshonaji anayepunguza urefu wa kanzu iliyoungua pindo akaiuza kwa mtu mfupi. Kwa kazi nyingi za shuleni mpungufu huo hauonekani.

Tofauti kubwa haikuonekana kwa nje. Ndani ya Pro mlikuwa na feni. Ndani ya Air hamkuwa na feni.

Joto latoka wapi

Transista ni swichi ndogo mno ya umeme. Kila inapofunguka na kufungika, chaji kidogo ya umeme hujazwa na kisha humwagwa, na nishati iliyobebwa na chaji hiyo hugeuka kuwa joto. Swichi moja hutoa joto lisilo na maana yoyote. Lakini bilioni 16 zikikusanywa katika eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na sehemu yake ikafunguka na kufungika mara bilioni kadhaa kwa sekunde, joto hilo halidharauliki tena.

Wahandisi huliandika jambo hili kwa kanuni fupi: nguvu inayotumika, kwa wati, hulingana na uwezo wa swichi kuhifadhi chaji, mara volteji kipeo cha pili, mara idadi ya mapigo kwa sekunde. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuisoma kanuni hii, lakini siri yake haimo katika maandishi. Imo katika ukweli kwamba ukitaka swichi zifanye kazi haraka zaidi ni lazima uzipandishie volteji, na ukizipunguzia kasi waweza kuzishushia volteji pia. Kwa hiyo, volteji ikifuatana na mapigo, nguvu hupanda kwa karibu kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikiongezwa kwa sehemu moja ya kumi, joto huongezeka kwa thuluthi nzima, maana 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.33. Na kinyume chake ni muhimu zaidi kwa mada hii: kasi ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, joto hushuka hadi asilimia 73 ya lilivyokuwa. Mashine huachilia kidogo katika kasi, ikapata nafuu kubwa katika joto.

Kwa muda mrefu wabunifu wa prosesa hawakuhitaji kuumiza kichwa juu ya jambo hili. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba kila transista inapofanywa ndogo, volteji yake yaweza kupunguzwa kwa uwiano huohuo, hivi kwamba joto katika kila milimita ya mraba halizidi. Huo ulikuwa mwaka wa tatu tu tangu Intel 4004, prosesa yenye transista 2,300, iingie sokoni. Kwa miaka thelathini tasnia nzima iliishi kwa neema hiyo. Kisha, kati ya mwaka 2004 na 2006 hivi, neema ikakoma: volteji haikuweza tena kushushwa bila umeme kuanza kuvuja hata kwenye swichi zilizofungwa. Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifikia mapigo bilioni 3.8 kwa sekunde na kutumia umeme wa wati 115, kama taa kubwa ya zamani ya waya. M1, iliyotoka miaka kumi na sita baadaye, hupiga mapigo machache kuliko hiyo, ijapokuwa katika kila pigo hufanya kazi nyingi zaidi kwa mbali. Tangu wakati ule mpaka wa kompyuta umekuwa ni joto, na anayelinganisha mashine mbili bila kuuliza joto linatokaje atakuwa amelinganisha nusu tu ya mambo.

Mtungi wenye tundu

Na ufikiriwe mtungi uliotobolewa tundu dogo kitakoni, ukiwa umewekwa chini ya bomba la maji. Maji yanayoingia ni joto linalozalishwa na prosesa. Kimo cha maji ndani ya mtungi ni halijoto. Tundu ni njia ya joto kutoka kwenda hewani. Bomba likifunguliwa, maji hayafiki juu mara moja. Hupanda polepole, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyotoka kwa nguvu zaidi tunduni, hata ifike mahali yanayoingia na yanayotoka yanalingana, na kimo kikatulia. Mwalimu wa fizikia atasema kwamba mfano huu si kamili, maana maji hayatoki tunduni kwa kanuni ileile hasa ambayo kwayo kitu cha moto hupoa. Hata hivyo unatosha kwa shughuli iliyopo.

Sasa awekwe mlinzi kando ya mtungi, ameshika koki, na amri aliyopewa ni moja: maji yasipite alama fulani. Yakiikaribia, naye huipunguza koki. Mlinzi huyo yumo ndani ya kila prosesa ya leo. Vipimajoto vidogo vilivyopachikwa katika silikoni humpa habari wakati wote, naye hupunguza mapigo na volteji kabla mashine haijadhurika au kumuunguza mtumiaji mapajani.

Katika Air, joto la prosesa hupokewa na bamba la alumini, likasambaa hadi kwenye gamba la mashine, na kutoka gamba hilo likaondoka lenyewe taratibu. Katika Pro, joto hubebwa hadi kwenye mapezi membamba ya metali, na feni huyapulizia hewa na kuitoa nje. Mtungi ni uleule na bomba ni lilelile, lakini tundu limepanuliwa.

Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo karatasi ya bei haiwezi kulisema, nalo ni muda. Na ichukuliwe kwamba bamba na sehemu ya gamba zinazopokea joto zina uzito wa gramu 300 za alumini. Gramu moja ya alumini huhitaji takriban jouli 0.9 ili halijoto yake ipande kwa uzi mmoja wa Sentigredi. Gramu 300 basi zahitaji jouli 270 kwa kila uzi. Prosesa ikimwaga wati 10, yaani jouli 10 kila sekunde, itachukua sekunde 27 kupandisha uzi mmoja, na karibu dakika saba kupandisha nyuzi 15. Kwa kweli muda huwa mrefu zaidi, kwa kuwa wakati huo wote joto fulani linaendelea kuponyoka hewani.

Kwa hiyo, katika dakika za kwanza Air na Pro ni mashine moja. Mtungi haujajaa bado, mlinzi hajagusa koki, na tundu kubwa halina faida juu ya tundu dogo. Vipimo vilivyochapishwa na wachunguzi wengi tangu majuma ya kwanza ya kuuzwa kwa mashine hizo vilithibitisha hivyo. Jaribio fupi lilitoa matokeo ambayo ni vigumu kuyatofautisha, lakini jaribio lilelile liliporudiwa mfululizo kwa dakika kumi au nusu saa, Pro ilibaki palepale na Air ikateremka kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Kwamba iliteremka kwa kiasi hicho tu na si kwa nusu, sababu yake imekwisha kuelezwa: mlinzi akipunguza kasi kidogo, joto hupungua sana.

Ni kazi gani shuleni inayoushughulisha mtungi kwa zaidi ya dakika kumi? Kuandika barua, kupanga alama za mtihani, kusoma, kujifunza kuandika programu, hata kuonyesha filamu, zote hizi huifungua koki kwa mikupuo mifupi na kuifunga, na mtungi haupati nafasi ya kujaa. Mwanafunzi anayebonyeza, akafikiri, akabonyeza tena, anaipa mashine muda wa kupoa kuliko anavyodhani. Ama anayehariri filamu ya saa nzima, au anayeiachia mashine hesabu za takwimu zichemke usiku kucha, huyo ndiye feni ilimfaa, na hapaswi kuonewa haya kwa kuilipia.

Jina moja, wati mbalimbali

Mfano wa Apple ni mpole kwa mnunuzi, kwa kuwa tofauti ya mashine zile mbili ilikuwa ndogo. Ipo mifano mikali zaidi. Mwaka huohuo wa 2020 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iliyoitwa Core i7-1165G7, ambayo iliingia katika kompyuta mpakato za kampuni nyingi, nyembamba na nene, za bei ya chini na ya juu. Katika maelezo yake Intel iliwaachia watengenezaji wa kompyuta uhuru wa kuipangia prosesa hiyo kiwango cha umeme kuanzia wati 12 hadi wati 28. Kwa wati 28, kasi ya msingi iliyoahidiwa kwa kazi ya kudumu ilikuwa mapigo bilioni 2.8 kwa sekunde. Kwa wati 12 ilikuwa bilioni 1.2. Kilele, kile kinachofikiwa kwa muda mfupi, kilikuwa bilioni 4.7.

Kompyuta mbili basi zaweza kukaa sambamba dukani, kila moja ikiwa na kibandiko kilekile cha i7, na moja imeahidiwa kasi ya kudumu inayozidi mara mbili ya mwenziwe. Muuzaji atakayetamka ile namba 4.7 hatakuwa amedanganya. Atakuwa ametaja kilele cha mlima bila kusema mtu ataweza kukaa pale juu kwa muda gani. Mnunuzi aliyezoea maduka hununua kibandiko. Lakini swali lenye faida kuliko yote ni dogo: mtengenezaji ameipangia prosesa hii wati ngapi, na joto lake litatokea wapi?

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika tarakimu hizi wati na mapigo vimepanda kwa uwiano uleule, wala si kwa kipeo cha tatu. Hapana mgongano. Tarakimu za ahadi hutolewa kwa tahadhari, na isitoshe volteji ina sakafu yake, ambapo chini yake swichi hazifanyi kazi kwa uhakika. Mashine ikiisha kufika sakafuni, kila kasi inayopunguzwa huleta nafuu ya joto inayolingana nayo tu. Kanuni ya kipeo cha tatu hutawala huko juu, karibu na kilele.

Hewa ya Pwani

Vipimo vingi vinavyosomwa na wanunuzi hufanywa Ulaya na Marekani, katika vyumba vyenye nyuzi 20 au 22. Alasiri ya mwezi wa Februari mjini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, nyuzi 32 ndani ya darasa lenye paa la bati si jambo la kushangaza. Kanuni ya Newton ya kupoa, ambayo wanafunzi huipima maabara kwa kikombe cha maji ya moto, inasema kwamba kasi ya kupoteza joto hulingana na tofauti ya halijoto baina ya kitu na hewa inayokizunguka. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vikombe peke yake.

Na ikadiriwe kwamba gamba la kompyuta isiyo na feni linaruhusiwa kufikia nyuzi 45 kabla mlinzi hajashika koki. Katika chumba cha nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 25. Katika darasa la nyuzi 32, tofauti ni nyuzi 13. Tundu la mtungi limepungua kwa karibu nusu, na hakuna aliyeligusa. Kwa kipeo cha tatu, joto la nusu lamaanisha kasi ya takriban asilimia 80. Kwa kazi ndefu, basi, mashine ileile iliyosifiwa katika jarida la ng'ambo huenda Tanga ikapoteza sehemu moja ya tano ya kasi yake ya kudumu, bila dosari yoyote ya kiwandani. Yenye feni nayo hupoteza, lakini kidogo, kwa kuwa mapezi yake yamefichwa ndani ambako hakuna ngozi ya mtu ya kuunguzwa, na yaweza kuachwa yapate joto kubwa zaidi. Apple yenyewe ilieleza kwamba kompyuta hizi zatumika katika hewa ya nyuzi 10 hadi 35. Asubuhi ya mwezi wa Julai kule Njombe yaweza kushuka chini ya mpaka huo wa kwanza, na pahali pengi pa nchi kavu huupita ule wa pili mchana. Mwalimu aijue mipaka hiyo yote miwili.

Hata hivyo feni si neema tupu. Feni huvuta hewa, na hewa ya Dodoma au Singida wakati wa kiangazi huja na vumbi lake. Vumbi hujikusanya kati ya mapezi kama linavyojikusanya katika wavu wa dirisha, njia ya hewa huziba, na baada ya miaka michache isiyo na usafishaji feni hupiga kelele nyingi na kufanya kazi kidogo. Air haikuwa na tundu la kuvutia hewa, wala kitu chochote kinachozunguka na kuchakaa. Ipo pia hoja ya umeme. Chaja ya Air ilikuwa ya wati 30, na ya Pro ya wati 61. Shule inayotegemea paneli za jua ikichaji Air kumi na tatu kwa pamoja itahitaji wati 390 kwa kiwango cha juu. Pro kumi zitadai 610. Mashine ya bei ndogo hapa ndiyo iliyo bora, na wala jambo hili halihusiani na ubovu wa ile nyingine.

Palipo na faida iliyosahauliwa

Mjadala wa feni usiifunike kumbukumbu, ambayo kwa shule nyingi ndiyo jambo kubwa zaidi. Air na Pro zote ziliuzwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu, na mnunuzi aliyetaka 16 aliongeza dola 200. Kumbukumbu ya M1 imefungwa pamoja na prosesa, haiwezi kuongezwa baadaye na fundi yeyote. Hivyo Air yenye gigabaiti 16 iligharimu dola 1,199, ikiwa bado chini ya Pro yenye gigabaiti 8 kwa dola 100. Mashine ikijaza kumbukumbu yake hulazimika kuhamisha kazi kwenda kwenye hifadhi, ambayo ni nzito zaidi, na kuirudisha tena, mithili ya mwalimu mwenye meza ndogo ambaye kila mara huinuka kuweka daftari kabatini ili afungue jingine. Uzito huo humsumbua mtumiaji kila siku ya kazi, ilhali upungufu wa feni humsumbua katika kazi ndefu tu. Aliyelipa dola 300 kwa ajili ya jina la wataalamu, akaiacha kumbukumbu kama ilivyo, hakufanya biashara nzuri.

Hifadhi nayo ilileta funzo lake. Mwezi Juni 2022 Apple ilitangaza prosesa ya M2, na safari hii pia ikaiweka katika Air na katika Pro. Zile za bei ya chini zenye hifadhi ya gigabaiti 256 zilitengenezwa kwa kipande kimoja cha hifadhi badala ya viwili vilivyokuwa katika zile za M1. Vipande viwili husomwa kwa pamoja, kama ghala lenye milango miwili. Kikibaki kimoja, kasi ya kusoma ikashuka hadi karibu nusu. Prosesa ilikuwa mpya na bora, mashine ikawa nzito kuliko iliyotangulia katika jambo hilo moja, na neno Pro halikumwokoa aliyeinunua.

Pro ile ya inchi 13 iliondolewa sokoni Oktoba 2023. Nafasi yake ilichukuliwa na ya inchi 14 yenye prosesa ya M3, iliyoanzia dola 1,599. Air ya M3 ilipofuata Machi 2024 kwa dola 1,099, tofauti ya bei ilikuwa imefikia dola 500; ila safari hii Pro ilikuwa na kioo bora kwa mbali, matundu mengi zaidi na betri kubwa, hivi kwamba mtu aliweza kuona kwa macho yake alicholipia. Apple iliacha kuuza Air ya M1 mwezi huohuo wa Machi 2024, na tangu hapo imekuwa ikipatikana zaidi kwa wauzaji wa mitumba. Huko umri wa betri na ukubwa wa kumbukumbu ndiyo mambo ya kuulizwa kwanza.

Jaribio la darasani

Shule yenye kompyuta mpakato mbili zozote zenye prosesa ya jina moja yaweza kuyapima haya bila kifaa cha gharama. Wanafunzi waandike programu fupi ya kutafuta namba tasa zote zilizo chini ya milioni kadhaa, wakiipanga ili mzunguko mmoja uchukue kama nusu dakika. Viini vyote vya prosesa vishughulishwe. Hilo hupatikana kwa kuifungua programu hiyo mara kadhaa kwa wakati mmoja, mara nane kwa prosesa yenye viini vinane. Programu ijirudie kwa dakika arobaini na kuandika muda uliotumika katika kila mzunguko. Kisha ichorwe grafu, dakika zilizopita zikiwa katika mhimili wa mlalo na muda wa mzunguko katika mhimili wa wima. Mstari utaanza ukiwa bapa. Pale unapoanza kupanda, ndipo mlinzi alipoigusa koki.

Jaribio lirudiwe saa moja asubuhi na saa nane mchana, kipimajoto cha ukutani kikisomwa kila mara, na mashine ikiwa imepoa kabisa kabla ya kuanza. Kundi moja liiweke mashine juu ya meza tupu. Kundi jingine liiweke juu ya blanketi lililokunjwa, kama wengi wanavyoitumia kitandani, lakini lisiiache bila mtu wa kuiangalia. Makundi yakimaliza yaweke grafu zao juu ya karatasi moja, na mwalimu awaulize wanafunzi, kabla hawajaambiwa, ni ipi iliyochorwa mchana juu ya blanketi.